Paka Asiyekufa: Je, Ni Vema Kumcheka Aumiaye Katika Katuni?



Siku moja, baada ya mafundisho, baba mmoja wa hapa Munigi alibaki nyuma wenzake walipokwisha kwenda zao. Alikuwa mkatekumeni wa mwaka wa pili, mtu mtulivu, na kazi yake ni kuvunja mawe ya volkano na kuyauza kwa wajenzi. Aliketi juu ya ubao, akaizungusha kofia yake mikononi, kisha akasema:

“Mwalimu, nina neno linalonisumbua. Jirani yetu ana televisheni ndogo inayopata nguvu zake kwa jua. Jioni watoto wote wa mtaa hukusanyika kwake kutazama katuni. Humo yumo paka, na yumo panya. Panya humwangushia paka chuma kizito kichwani, paka akawa bapa kama chapati, na watoto hucheka mpaka machozi. Kisha paka huinuka, hujipangusa, akaanza tena kukimbia. Mimi mwenyewe nilipita pale, nikacheka. Juzi mwanangu wa miaka sita alichukua jiwe akampiga mwana-mbuzi wetu kichwani. Mwana-mbuzi akaanguka. Mtoto akaketi mbele yake akicheka, akingoja. Alipongoja sana aliacha kucheka, akaja kwangu mbio akilia: ‘Papa, nilingoja ainuke, hakuinuka.’ Basi, Mwalimu, nifanyeje? Nimpige mtoto? Nimkataze kwenda kule? Au tuseme kwamba picha zile ni uongo na uovu mtupu? Lakini nami nilicheka.”

Mwalimu hakujibu upesi. Alisema: “Pole, Baba. Katika swali lako mna maswali mawili, na mtu asiyeyatenga atayajibu yote mawili vibaya. La kwanza ni hili: Je, picha zile ni uongo? La pili: Je, ni vema kumcheka aumiaye? Nipe muda wa juma moja.”

Jibu alilolitafuta mwalimu huyo twawaandikia hapa, maana twajua kwamba wazazi wengi wanalo swali lile lile vifuani mwao, ingawa hawajafiwa na mbuzi.

I. KATUNI NI KITU GANI?

Kabla ya kukihukumu kitu, yatupasa kukijua. Vijana wa Goma huziita picha hizi kwa jina la Kifaransa, dessins animés, yaani michoro iliyotiwa uhai. Jina hilo ni zuri, walakini uhai huo watoka wapi?

Mchoraji huchora panya aliyeinua mguu kidogo tu. Katika mchoro wa pili mguu umepanda zaidi kidogo. Katika wa tatu umeanza kushuka. Kila mchoro, ukiutazama peke yake, umesimama kimya kama picha iliyotundikwa ukutani. Lakini michoro hiyo ikipitishwa upesi mbele ya macho, jicho haliwezi kuitenga mmoja mmoja, nalo huona mwendo. Katika sinema hupita picha 24 kwa sekunde moja. Hivyo dakika moja yataka picha 1,440, na hadithi fupi ya dakika 10 yataka picha 14,400. Mara nyingi mchoraji huupitisha kila mchoro mara mbili ili apunguze kazi. Hata hivyo hubaki na maelfu ya michoro. Siku hizi kompyuta humsaidia, lakini njia ni ile ile. Mtoto wa shule aweza kuijaribu mwenyewe: achore mtu pembeni mwa kila ukurasa wa daftari kuukuu, kila mara amsogeze mkono kidogo, kisha aziachilie kurasa upesi kwa kidole gumba. Mtu yule atapunga mkono.

Kazi hii si ya jana. Mwaka 1892 Mfaransa Émile Reynaud aliwaonyesha watu wa Paris picha alizozichora kwa mkono, zikienda na kurudi juu ya kitambaa cheupe. Mwaka 1928 Walt Disney wa Marekani alimtoa panya Mickey katika filamu yenye sauti. Mwaka 1940, huko huko Marekani, William Hanna na Joseph Barbera waliwaanzisha paka Tom na panya Jerry, ambao wangali wakiwachekesha watoto wa dunia nzima.

Basi, tushike neno moja hapa. Paka yule hana mwili, wala damu, wala pumzi. Uhai anaouonyesha twampa sisi, kwa jicho letu na kwa moyo wetu. Kwa sababu hiyo, anayetaka kujua kama picha zile zina ubaya, asitazame sanduku tu, bali autazame pia moyo wa yule anayeketi mbele ya sanduku.

II. JE, KATUNI NI UONGO?

Huenda mtu atasema: “Panya hasemi. Paka aliyepondwa hainuki. Anayeonyesha mambo yasiyokuwako asema uongo, na uongo ni dhambi.”

Neno hili laonekana kuwa na nguvu, lakini tulipime. Uongo ni nini? Uongo si kusema tu jambo lisilokuwako. Uongo ni kusema jambo ulijualo kuwa si kweli, ukitaka mwenzako alisadiki kuwa kweli. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alipoandika juu ya uongo alianza kwa kuuweka mzaha kando: mwenye mzaha huonyesha kwa sauti na kwa uso wake kwamba anacheza, wala hataki kumdanganya mtu.

Hata katika Maandiko Matakatifu imo hadithi ya namna hii. Katika kitabu cha Waamuzi, Yotamu alipanda juu ya mlima Gerizimu akawasimulia watu habari za miti iliyokwenda kujitafutia mfalme. Na miti hiyo ikasema kama watu. Nani alimwita Yotamu mwongo? Na nabii Natani alipotaka kumwamsha mfalme Daudi katika dhambi yake, alimsimulia habari za tajiri mmoja aliyemnyang’anya maskini kondoo wake wa pekee. Hadithi hiyo ilikuwa kioo, na ndani yake Daudi aliuona uso wake mwenyewe. Kumbe, jambo lisilotokea laweza kuibeba kweli mpaka mahali ambapo mashtaka yasingefika.

Nasi, je, tulilelewa kwa njia nyingine? Wazee wetu walipoketi karibu na moto na kutusimulia jinsi sungura alivyomshinda fisi, hawakutudanganya. Sauti ya mzee ilibadilika, mtoto akajua: sasa tunaingia katika hadithi. Hadithi ilipokwisha, mtoto akajua: sasa tumetoka. Ulikuwako mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea.

Hapa ndipo shida inapoanza. Mtoto wa miaka sita aliyempiga mwana-mbuzi hakuuona mlango. Waliochora paka yule hawakusema uongo, kwa maana hawakutaka mtu asadiki kwamba paka aliyepondwa huinuka. Mtoto naye hakutenda dhambi ya ukatili, kwa maana alidhani mnyama atainuka. Lakini kati ya mchoraji aliye mbali na mtoto aliye karibu palikosekana mtu. Zamani mtoto aliuliza: “Bibi, kweli sungura alisema?” naye bibi akajibu. Televisheni husema, haisikii. Mtoto akiuliza, yenyewe huendelea na maneno yake. Basi ni wajibu wa nani kumwonyesha mtoto mlango? Twajua jibu, hata kama halitupendezi.

III. PICHA ZINAZOSEMA UONGO KWELIKWELI

Lakini tusiseme haraka kwamba kila mchoro hauna hatia. Iko michoro inayosema uongo, nayo ni ile inayojifanya kuwaonyesha watu waliopo, kumbe inawaharibu sura.

Sisi Wakongo twajua habari hii. Katika miaka ya 1930 na 1931, Mbelgiji mmoja kijana aliyejiita Hergé alichora habari za safari ya Tintin katika Kongo. Hizo zilikuwa katuni za kuchapwa karatasini, si za kutembea. Zilitoka katika ukurasa wa watoto wa gazeti moja la Brussels, tena, tuseme kweli, gazeti la Kikatoliki. Mchoraji hakuwa amefika Kongo. Aliwachora babu zetu wenye midomo minene mno, wasemao kama watoto wachanga, wanaopiga magoti mbele ya kijana mgeni na mbwa wake. Baadaye Hergé mwenyewe alikiri kwamba alikuwa amelishwa mawazo mabaya ya watu wa mazingira yake, na mwaka 1946 alichora upya kitabu hicho na kubadili mambo kadhaa. Mwaka 2007 Mkongo mmoja aliyekaa Ubelgiji alikipeleka kitabu mahakamani. Mwaka 2012 mahakama ya Brussels ilikataa kukipiga marufuku, kwa kuwa haikuona kwamba mchoraji alikusudia kuwachochea watu wachukie wengine.

Mahakama hupima sheria. Sisi hapa twapima mwenendo. Tom na Jerry hawamvunjii paka ye yote heshima yake. Lakini mtoto wa Brussels aliyemcheka Mwafrika wa karatasini alijifunza kumcheka Mwafrika wa njiani. Mchoro ule ulitaka kusadikiwa, nao ulisadikiwa. Huo ndio uongo. Nasi tujichunguze: tunapowaigiza jirani zetu wa kabila lingine kwa sauti ya kipumbavu ili watoto wetu wacheke, twafanya tofauti gani? Kalamu hatuna, lakini mchoro ni ule ule.

Yako pia mambo mema ya kukumbuka. Katika nchi yetu, tangu mwaka 1945, sheria ya wakoloni iliwakataza Wakongo kutazama filamu ambazo hazikupitishwa kwanza na kamati ya serikali. Katika miaka ya 1950, Padri Alexandre Van den Heuvel wa Shirika la Scheut alitengeneza filamu fupi za katuni kwa ajili ya Wakongo, zilizoitwa Les Palabres de Mboloko, yaani mashauri ya Mboloko. Mboloko ni paa mdogo wa msituni, mwerevu katika hadithi za Kongo kama sungura alivyo mwerevu katika hadithi zetu. Mtu aweza kusema: “Waliwatengenezea babu zetu picha za wanyama kwa kuwa waliwadhani watoto.” Wakati ule yalikuwako mawazo ya namna hiyo, wala hatuyafichi. Lakini aweza pia kusema: hapa kwa mara moja mgeni hakuleta hadithi ya kwao, bali alitega sikio, akaipokea yetu. Yote mawili ni kweli, na mtu mwadilifu hulipa kila neno uzito wake.

IV. JE, NI VEMA KUMCHEKA AUMIAYE?

Sasa twafika kwenye swali la pili, nalo ndilo gumu zaidi.

Kwa nini twacheka paka akipondwa? Sababu ya kwanza: kwa kuwa haumii. Mtu akiteleza matopeni, wote hucheka. Akivunjika mguu, kicheko hukoma, na wote humkimbilia. Moyo mzima una mlinzi mlangoni. Mlinzi huyo akiona hakuna jeraha, hukiachilia kicheko; akiona jeraha, hukizuia. Mtu anayeendelea kucheka baada ya kuona damu, mlinzi wake amelala, au amekufa. Basi kumcheka paka wa katuni si dhambi, maana hapana jeraha. Kucheka ni kipaji cha mwanadamu, na nyumba isiyo na kicheko ni nyumba ya baridi.

Sababu ya pili: twafurahi kumwona mdogo akimshinda mkubwa. Panya ni mdogo, paka ni mkubwa. Sungura ni mdogo, simba ni mkubwa. Watu walioonewa sana hupenda hadithi hizi kuliko wengine wote. Mtu aliyebeba mizigo ya mwenye nguvu mchana kutwa, akisikia jioni jinsi mdogo alivyoshinda kwa akili, hupata pumzi. Hiyo nayo si dhambi.

Lakini hapa lazima tusikilize wenye kupinga, maana neno lao lina uzito. Wasema: “Moyo ni kama njia ya miguu. Mtu mmoja akipita, nyasi huinuka tena. Wakipita watu kila siku, nyasi hufa. Mtoto anayecheka mapigo kila jioni, mwisho atazoea, na yule mlinzi unayemsema atasinzia.” Tena wasema: “Ujanja wa panya si wema. Mtoto atajifunza kwamba mwerevu ana haki ya kufanya lo lote.”

Twajibu: ni kweli, mazoea yana nguvu. Lakini dawa ya mazoea haipatikani kwa kuiharamisha hadithi. Tutazame walivyofanya wazee wa nchi hii yetu ya Kivu ya Kaskazini.

Kwa Wanyanga wa Walikale iko hadithi kuu ya Mwindo. Msimulizi Candi Rureke aliisimulia mwaka 1956, nayo ikachapwa kitabuni mwaka 1969. Mwindo ni mtoto aliyetembea siku ile ile aliyozaliwa. Baba yake, mtemi Shemwindo, hakutaka mtoto wa kiume. Akajaribu kumwua kwa mkuki, akamzika, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto hakufa. Alikuwa na usinga wake wa ajabu, na kwa usinga huo aliwashinda wakubwa wote, tena aliwainua waliokufa. Mnaona? Hata katika hadithi ya wazee wetu wafu huinuka, kama yule paka. Lakini hadithi haikomi hapo. Mwindo akiisha kuwa na nguvu, alimwua joka Kirimu. Kumbe Kirimu alikuwa rafiki wa damu wa Nkuba, yaani Radi. Nkuba akamchukua Mwindo juu mbinguni, akakaa huko mwaka mzima akiteswa kwa baridi, kwa mvua na kwa jua. Huko majivuno yake yakavunjwa, akaamriwa asiue tena wanyama ovyo. Akarudi kwa watu wake akiwa mtemi mwenye kujua kiasi.

Basi, wazee wetu waliwapa watoto furaha ya kumwona mdogo akishinda, na baada ya furaha wakawapa hesabu. Katika Tom na Jerry mara nyingi hesabu haipo: hadithi hukatika, na kesho mapigo huanza upya. Kwa hiyo wajibu wa hesabu huangukia nyumba. Hadithi isiyojihukumu yenyewe yataka mtu wa kuihukumu, akiwa ameketi karibu na mtoto.

V. MTOTO WA MUNIGI NA PAKA ASIYEKUFA

Mambo haya ni mazito zaidi kwetu kuliko kwingine, na tusione haya kuyasema.

Munigi imejengwa juu ya mawe yaliyokuwa moto. Mlima Nyiragongo ulipasuka mwaka 1977, ukapasuka tena tarehe 17 Januari 2002, na moto ukaingia katikati ya mji wa Goma. Tarehe 22 Mei 2021 ulipasuka tena, na watu wakakimbia usiku wakiwa na watoto migongoni. Mwaka 1994, wakimbizi walipofurika kutoka Rwanda, kipindupindu kiliwaua watu wengi katika kambi iliyokuwa hapa hapa Munigi. Na vita vimewaleta wakimbizi wengine, mara kwa mara, kuweka vibanda vyao juu ya mawe haya.

Mtoto wa mahali pengine akimwona paka ameinuka, hucheka tu. Mtoto wa hapa aweza kucheka, kisha akanyamaza, akauliza: “Mama, kwa nini kaka hakuinuka?” Ndugu zangu, akiuliza hivyo, msimwambie, “Nyamaza, tazama picha.” Wala msimwambie kwamba kaka atainuka kesho kama paka. Mwambieni kweli: waliokufa hawainuki kwa namna ya mchezo. Tumaini tulilofundishwa katika mafundisho yetu halifanani na ule mzaha. Lina machozi ndani yake, nalo hungoja. Mtoto aliyedanganywa juu ya kifo hatawasadiki mnapomfundisha juu ya uzima.

Wala tusidhani kwamba katuni haiwezi kusema kweli juu ya maumivu. Mkongo mwenzetu, Jean-Michel Kibushi, mwaka 1991 alitengeneza katuni ya chura aliyekwenda kwa wakwe zake, hadithi ya kuchekesha ya namna ya kwetu. Lakini katika mwezi wa Septemba mwaka ule ule askari waliupora mji wa Kinshasa, na mwaka 1992 Kibushi akatengeneza katuni nyingine juu ya uporaji huo, akitumia michoro ya watoto wenyewe. Humo hapana paka anayejipangusa. Mkono wa mtoto ulichora alichokiona. Basi kalamu ile ile yaweza kumchekesha mtoto, na yaweza pia kumsaidia kulitoa kifuani jambo lililomkaba.

VI. MASHAURI KWA WAZAZI

Mwalimu aliporudi kwa yule baba baada ya juma moja, hakumpa marufuku wala hakumpa ruhusa tupu. Alimpa mashauri manne.

La kwanza: Keti nao. Usimpeleke mtoto kwa televisheni kama mtu amwachaye mbuzi malishoni. Siku moja kwa juma, acha nyundo yako mapema, uketi, utazame anachokitazama. Ukicheka naye, atakusikiliza ukinyamaza.

La pili: Uliza. Picha zikiisha, uliza maneno mepesi: “Paka halisi angefanywa hivyo, angekuwaje? Panya alikuwa na haki, au alikuwa mwerevu tu? Wewe ungependa kuwa nani?” Kwa maswali hayo wamwonyesha mtoto mlango wa kutokea.

La tatu: Chagua na kupima. Katuni zote si sawa, kama vyakula vyote si sawa. Ziko zilizotengenezwa hapa Afrika kwa ajili ya watoto wetu, tena kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2014 watu wa Ubongo, huko Dar es Salaam, wamewafundisha watoto hesabu na elimu kwa katuni. Yumo msichana Akili wa miaka minne, akaaye chini ya mlima Kilimanjaro. Akilala huingia katika nchi ya ndoto, na huko hujifunza herufi na namba pamoja na rafiki zake wanyama. Huko Nairobi zilitengenezwa Tinga Tinga Tales, zilizoanza kuonyeshwa mwaka 2010, kwa mtindo wa picha za Edward Saidi Tingatinga wa Tanzania, zikieleza jinsi wanyama walivyopata maumbile yao. Lakini hata katuni njema haiwi mama. Ikizidi saa, hula kazi ya shule, usingizi na maongezi ya nyumbani.

La nne: Simulia. Televisheni imeketi mahali palipoachwa wazi. Kama ninyi wazee mmenyamaza, msimlaumu paka kwa kusema. Wapeni watoto habari za sungura, za Mwindo, za bibi yenu aliyewachukua mgongoni mlima ulipowaka.

Yule baba alisikiliza yote, kisha akauliza: “Na mtoto, nimpige?”

Mwalimu akamwuliza: “Yule mwana-mbuzi alizikwa na nani?”

Baba akajibu: “Tulimzika pamoja, mimi naye. Mawe ni magumu. Tulichimba asubuhi nzima. Yeye alibeba mawe madogo. Hakusema neno. Tulipomaliza, aliniuliza kama mama wa mwana-mbuzi anajua.”

Mwalimu akasema: “Basi, Baba, mlinzi wa moyo wake hakufa, alikuwa mtoto tu, hajafundishwa kazi yake. Siku ile ulimfundisha. Fimbo ingemwongezea nini?”

Tangu hapo mtoto yule ndiye anayempelekea majani mama wa mwana-mbuzi kila asubuhi. Jioni angali akienda kwa jirani kutazama paka na panya, na angali akicheka. Lakini baba yake husema kwamba paka akipondwa, mtoto hugeuka kwanza na kumtazama baba usoni, kisha ndipo hucheka.

MASWALI YA KUKUMBUKA

Swali: Uongo ni nini?
Jibu: Ni kusema tusilolisadiki, tukitaka mwenzetu alisadiki.

Swali: Je, hadithi ya wanyama wasemao ni uongo?
Jibu: Sivyo, kama msikilizaji ajua kwamba ni hadithi, na asipojua, ni wajibu wetu kumjulisha.

Swali: Ni mchoro gani unaosema uongo?
Jibu: Ni ule unaowaharibu sura watu waliopo, ili wengine wawadharau.

Swali: Ni wakati gani kicheko huwa kibaya?
Jibu: Ni pale kinapoliona jeraha la kweli, kisikome.

Swali: Nani atamwonyesha mtoto mlango wa kutokea katika hadithi?
Jibu: Ni yule aliyeketi karibu naye.